Madaktari wa Avenyu Yetu

Ukitaka kuugua kwa siri, panda mtumbwi uvuke ziwa uende Kigoma. Hapa Baraka homa ni mali ya watu wote. Toka tu nyumbani umevaa koti la baridi saa sita ya mchana, uone. Kabla hujafika kwenye barabara kubwa ya kwenda Uvira, utakuwa umeshapimwa, umeshatajiwa ugonjwa, umeshaandikiwa dawa, na kuna mtu ameshanuna kwa sababu hukumwambia mapema.

Wa kwanza ni motari. Hazimi pikipiki, anapunguza moto tu, anakutazama machoni, anasema: “Mwalimu, hiyo ni malaria. Kunywa Quinine.” Anakuachia vumbi lake. Mbele kidogo, mama anayeuza mikebuka anaacha kufukuza nzi. “Pole, papa. Hiyo si malaria, ni tifoide. Mtoto wa yaya yangu ilimuanza vile vile. Meza Cipro.” Unashukuru, maana ukibisha utaongezewa dawa nyingine. Kwenye kona amesimama mzee wa kanisa. Huyu haangalii macho wala hagusi paji la uso. Anakuvuta pembeni, anateremsha sauti: “Mwalimu, jana ulikula kwa nani?” Hapo elewa kwamba malaria na tifoide umeshazipita. Umefika kwenye sumu.

Kwa hesabu ya watu wetu, magonjwa ya Fizi nzima, kuanzia Mboko huko kaskazini hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Misisi, ni hayo matatu basi. Unaanza na malaria. Isipopona, inakuwa tifoide. Na tifoide isipopona, kuna shangazi atafukuzwa kijijini.

Sibishi kwamba malaria ipo. Ningebishaje? Kila mwaka Shirika la Afya Duniani linapohesabu wagonjwa wa malaria, Nigeria inakuwa ya kwanza na Kongo yetu ya pili, kombe ambalo hatujawahi kupokonywa. Mji wetu umekaa chini, kando ya ziwa, joto halina likizo, na mvua ikinyesha kila shimo la barabara linageuka kuwa kisima cha mbu. Anofelesi jike anakuja jioni jua likizama, anafanya kazi usiku kucha, na hadai mshahara. Serikali na wafadhili wametugawia vyandarua, nasi tumevipokea kwa shukrani. Tembea ufukweni uvione: kimoja kinakausha ndagala, kingine kimezungushiwa mche wa mpapai mbuzi wasile, cha tatu kiko majini kinavua. Mpapai wetu hauna malaria kabisa.

Ninachogombana nacho ni jambo jingine: malaria imegeuzwa jina la kila kitu. Mgongo ukiuma ni malaria. Mwanafunzi akisinzia darasani ni malaria. Kijana aliyekunywa lutuku hadi alfajiri akiamka na kichwa kinagonga, mama yake anakwambia mtoto ana malaria ya kichwa. Na huwezi kumbishia, kwa sababu dalili zenyewe hazina jina: homa, baridi, jasho, kichwa, viungo, kutapika. Mafua makali huanza hivyo. Nimonia huanza hivyo. Tifoide huanza hivyo. Hata daktari aliyesomea Bukavu na Kinshasa hawezi kukutazama machoni akajua. Ni motari peke yake anayeweza.

Ndiyo maana kuna labo. Na labo nayo ina mambo yake.

Kituo nilichokwenda sitakitaja, maana tunasalimiana na wote wanaofanya kazi pale. Unakaa kwenye benchi, unatobolewa kidole, unavutwa damu kidogo mkononi, unasubiri. Kisha dirisha linafunguka, majina yanaitwa, fishi zinatoka. Yangu iliandikwa kwa bic nyekundu: GE, alama moja ya kujumlisha, Widal, TO 1/160. Yaani malaria na tifoide. Nikachungulia fishi ya mama aliyekaa kushoto kwangu: malaria na tifoide. Ya kijana wa kulia: malaria na tifoide. Kulikuwa na bwana mmoja aliyeanguka kwenye mnazi, mkono umefungwa na kitambaa cha shingo. Naye alitoka na tifoide.

Basi nikaamua kumtafuta huyu Widal ni nani, maana kwa kazi anayofanya Fizi anastahili barabara yenye jina lake. Georges-Fernand Widal alikuwa daktari Mfaransa, na kipimo chake ni cha 1896. Alichogundua ni kwamba damu ya mtu aliyeambukizwa tifoide ina askari wanaowakamata wale bakteria na kuwagandisha pamoja. Ni kazi nzuri kwa 1896. Tatizo ni kwamba askari hao hawaondoki vita vikiisha. Ukiwahi kuugua tifoide zamani, wapo. Ukiwahi kuambukizwa na ndugu wengine wa ukoo huo wa salmonela, wanaweza kuonekana. Hata malaria yenyewe inaweza kukichanganya kipimo. Katika nchi ambayo watu wamekunywa maji ya mto tangu utoto, kumpima mtu mara moja tu kwa Widal na kumwambia ana tifoide ni kama kumkuta mzee na kovu la risasi la 1996 ukaanza kutafuta nani anapiga bunduki saa hii.

Tifoide ya kweli haina mzaha. Homa yake hupanda polepole, siku hadi siku. Kichwa kinauma, tumbo linauma, mara choo kigumu, mara kuhara, mtu anadhoofika na kuzubaa. Ikiachwa wiki kadhaa inaweza kutoboa utumbo, na hapo dawa yake ni kisu cha daktari mpasuaji, akipatikana mapema. Kipimo cha kuaminika ni kuotesha damu kwenye labo ili bakteria mwenyewe aonekane, jambo ambalo vituo vyetu vingi havina vifaa vya kulifanya. Hilo siwalaumu. Ninalolaumu ni kumeza Cipro kila mwezi kwa tifoide ambayo hakuna aliyeiona. Bakteria nao wana masikio. Wameshaizoea hiyo Cipro, na siku tifoide ya kweli itakapokuja, utamkuta mgeni anaijua dawa kuliko mwenye nyumba.

Kwa malaria heri kidogo, kwa sababu kile kipimo cha haraka cha kidole, chenye mistari miwili, ni cha kuaminika na kinafika hata vijijini. Lakini nacho kina siri yake, ambayo madaktari wa avenyu hawaijui: mstari unaweza kuendelea kuonekana wiki kadhaa baada ya kupona, kwa sababu kinachopimwa ni mabaki ya vimelea ndani ya damu. Kwa hiyo jirani yangu aliyemaliza dawa, akapona, kisha akajipima tena “kuhakikisha”, akakuta mstari, akanywa dawa tena, akajipima tena, sasa anasema malaria yake imekuwa sugu. Malaria yake ilishakwenda zamani.

Halafu kuna suala la kumaliza dawa. Coartem ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne asubuhi, vinne jioni, siku tatu, na dozi ya pili unainywa saa nane baada ya ile ya kwanza. Inataka kumezwa na chakula chenye mafuta, na hapo Mungu alitupendelea, maana mawese tunayo. Sombe ya mawese na ndagala, kisha vidonge vyako vinne, hakuna farmasi ya Ulaya inayokupa hivyo. Sasa angalia kinachotokea nyumbani. Siku ya kwanza baba anameza. Siku ya pili jasho limemtoka, anasikia njaa, anaanza kugombana na watu: amepona. Vidonge vilivyobaki vinafungwa kwenye karatasi ya daftari na kuwekwa juu ya kabati. Wiki mbili baadaye mtoto anapata joto, anapewa viwili. Bibi anaumwa magoti, anapewa viwili. Vinavyobaki anaazimwa jirani. Mwisho wa mwezi dozi moja imetibu watu wanne, na hakuna aliyepona.

Wanaopewa ASAQ, dawa nyingine ya malaria, ndio hawamalizi kabisa, eti inavunja nguvu. Ni kweli, wengi inawalegeza. Lakini malaria nayo haijawahi kumwongezea mtu nguvu.

Kipenzi cha watu wetu ni serumu. Mtu akienda kituoni akapewa vidonge tu, anarudi amekasirika: “Hawakunitibu.” Akitundikiwa ile chupa, akalala na mpira mkononi wakati watu wa familia wanakuja mmoja mmoja kusema pole, hapo ametibiwa, na hesabu ya faranga anailipa bila kunung'unika. Mimi nimewahi kuuliza ndani ya ile chupa ya nusu lita ya glukozi ya asilimia 5 mna nini. Mna maji, na gramu 25 za sukari. Chupa moja ya Fanta baridi inaishinda sukari, na haichomi mshipa. Serumu ina kazi yake: kwa anayetapika kila kitu, kwa aliyezimia, kwa anayeishiwa maji mwilini, na hata hapo mara nyingi si hiyo ya sukari inayotakiwa. Kwa mtu aliyekuja na miguu yake, akaweza kula ugali na kubishana bei ya kitanda, ni Fanta ya gharama.

Sasa niwaambie ugonjwa ambao kwake serumu ni dawa ya kweli kabisa, na ambao ajabu yake ni kwamba hakuna anayejitangazia: kipindupindu. Malaria mtu anaitangaza kama harusi. Kipindupindu kinafichwa. Mtu anaharisha maji meupe kama maji yaliyooshea mchele, anatapika, macho yameingia ndani, ngozi ya mkono ukiivuta hairudi, na bado anakwambia, “Nilikula tu kitu kibaya.” Familia inafunga mlango. Mama mkwe anachemsha majani. Kumbe ugonjwa huu unaweza kumuua mtu mzima mwenye misuli katika muda wa saa chache, na unamuua kwa kumkausha tu, basi.

Nasi tunakaa mahali pake. Ufukwe wote huu, Uvira, Baraka, hadi Kalemie, kipindupindu kinarudi na kurudi, kwa sababu ziwa ni bomba letu la maji, bafu letu, jiko letu na, tusifichane, choo chetu. Alfajiri utaona mama anachota maji kwa bidoni ya njano, hatua kadhaa kutoka kwake mtu anaosha vyombo, na mbele kidogo kuna bwana amechuchumaa anatazama milima ya Ubwari kwa utulivu mkubwa. Miaka ambayo MSF walifanya kazi hapa tulizoea mahema ya kipindupindu na ndoo ya klorini mlangoni. Walikuja 2003, wakakaa miaka mingi, kisha wakaondoka baada ya watu wao kushambuliwa. Kipindupindu hakikuondoka nao.

Dawa ya kwanza, na hii andika ukutani, ni kunywa. SRO, ile pakiti ya unga, kwenye lita moja ya maji safi. Pakiti ikikosekana, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Chumvi ikizidi unamdhuru mgonjwa. Akitapika, subiri kidogo, mpe tena kwa funda ndogo. Mtoto aendelee kunyonya. Na wakati huo huo safari ya kituoni imeshaanza, maana mgonjwa aliyelegea anahitaji serumu yenye chumvi, nyingi na haraka. Hapo ndipo nataka kuona ule ukali wa watu wetu wa kudai chupa. Lakini hapo ndipo wanapoona haya.

Turudi kwa yule mzee wa kanisa na swali lake la nani alinipa chakula.

Huku Kivu Kusini, mtu akikohoa muda mrefu, akakonda, akatoka jasho usiku hadi shuka ikalowa, hapelekwi kupimwa makohozi. Familia inakutana. Huko Bukavu wanaiita karuho, hapa tunasema tu alipewa. Alipewa na nani? Hapo kikao kinachangamka. Kuna shemeji aliyemletea kasiksi siku ya matanga. Kuna mke mwenza. Kuna yule jirani ambaye shamba lake linapakana. Mganga wa sumu anaitwa, mgonjwa ananyweshwa kitu cha kumtapisha, anatapika, na ndani ya beseni mganga anaona nywele, anaona mfupa, anaona kila kitu isipokuwa kifua kikuu. Na wakati huo wote, mgonjwa anakohoa katikati ya kikao, watu kumi na zaidi kwenye chumba chenye dirisha moja lililofungwa ili majirani wasisikie. Shemeji hajamroga mtu. Kikao ndicho kinachogawa ugonjwa.

Robert Koch aliwaonyesha wenzake bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882. Dawa zake zipo, hazilipiwi kwenye vituo vya mpango wa kifua kikuu, na kwa kawaida unazimeza miezi 6 bila kuruka. Kikohozi kikipita wiki mbili, makohozi yaende labo. Hiyo ndiyo sheria nzima. Hakuna mahali ndani yake panapomtaja shangazi.

Ninachowapendea waganga wa sumu ni kwamba dawa yao haijawahi kushindwa. Mgonjwa akifa, alichelewa kuletwa, au alikula samaki, au alilala na mwanamke. Hili si jipya kwetu. Che Guevara, ambaye kabla ya kushika bunduki alisomea udaktari Argentina, aliteremka kwenye ufukwe huu wa Fizi mwezi wa 4 mwaka 1965 kuwasaidia waasi wa wakati ule, akitumia jina la Tatu. Akawakuta wapiganaji wanapakwa dawa ya kuzuia risasi. Dawa ilikuwa na masharti: usiguse mwanamke, usichukue kisicho chako, usiogope. Aliyepigwa risasi, basi amevunja sharti, na maiti haijitetei. Daktari mzima akashindwa hoja. Kabla mwaka haujaisha alivuka ziwa kurudi alikotoka, amekonda, pumu inambana, na homa ya kwetu nayo alikuwa ameionja. Ninaamini kuna mtu ufukweni alimwambia ni tifoide.

Tensio nitaigusa kidogo tu, kwa sababu mama watoto anasoma safu hii. Hapa kwetu tensio ni hasira. Mtu akijibiwa vibaya, “tensio imepanda.” Akisamehewa, imeshuka, na kidonge kinarudi kwenye mkoba. Wakati tensio yenyewe, ile inayoanzia 140 kwa 90 ikipimwa zaidi ya mara moja, haipigi kelele. Mtu anakaa nayo miaka, anaimba kwaya, anakula ndagala wa chumvi na Maggi tatu kwenye sufuria moja, kisha siku moja upande mmoja wa mwili unakataa kuamka. Kidonge chake ni cha kila siku, hata siku ambayo hakuna aliyekuudhi. Nimesema kidogo, nimenyamaza.

Kuna mambo ambayo hata mimi sichekeshi nayo. Mtoto mwenye homa akianza kutetemeka degedege, akashindwa kunyonya au kunywa, akatapika kila anachopewa, akawa mweupe viganjani, akapumua kwa shida au akashindwa kuamka, hiyo ni malaria kali au kitu kibaya kama hiyo, na tiba yake ni sindano ya artesunate au nyingine atakayoamua mganga wa hospitali. Siyo Bactrim ya sokoni, siyo kukatwa kilimi, siyo maombi ya siku tatu kwanza. Omba ukiwa juu ya pikipiki. Kutoka vijiji vya mlimani hadi hospitali ya Fizi, au ya Nundu kwa walio upande ule, njia ni mbovu na usiku una watu wabaya. Wazazi wanaijua hesabu hiyo kuliko mimi. Ndiyo maana masaa yanayopotea kwa ushauri wa avenyu ni masaa ya kuibiwa.

Kwa hiyo ndugu zangu wa Baraka, nawaomba kitu kimoja. Mkinikuta tena barabarani na koti langu saa sita ya mchana, msiniambie ninaumwa nini. Niulizeni tu kama nimepima. Nikisema bado, yule motari anipandishe anipeleke kituoni, na nauli nitamlipa. Mama wa mikebuka aniwekee wawili wakubwa, nitawapitia nikirudi. Na mzee wa kanisa, kwa heshima zote: jana nilikula kwako.